TinyMCE, CKEditor, Gutenberg au Quill: kihariri gani umpe anayeandika?

Mwandishi alimaliza makala kwenye Word, akaikopi yote, akaipesti kwenye tovuti, akabofya Chapisha. Kwenye kompyuta yake ilikaa vizuri. Kwenye simu, aya ya pili ilikuwa na herufi ndogo kuliko ya kwanza, orodha ilikuwa mistari mitupu iliyotanguliwa na vitone, na katikati palikuwa na pengo refu ambalo hakuna aliyekumbuka kuliweka. Nilipofungua kodi ya ukurasa, yaani HTML, lugha ya alama (tagi) zinazokiambia kivinjari kipi ni aya na kipi ni kichwa, nikakuta kila aya imebeba jina la mtindo wa Word, MsoNormal, na nusu ya maneno yamefungwa neno kwa neno ndani ya tagi ya span. Mwandishi yule hakuwa amekosea kitu. Alifanya wanachofanya wote.

Tangu hapo nikiulizwa kihariri kipi, yaani lile sanduku la kuandikia makala, ni kizuri kwa tovuti, sihesabu vitufe. Namtazama anayeandika anapofanya kazi zake za kila siku: kupesti, kuweka kichwa kidogo, kuunganisha kiungo, kutia picha, kuchora jedwali. Kisha najiuliza kihariri kinamwacha aharibu mara ngapi bila yeye kujua. Kwa kipimo hicho nitavilinganisha vihariri vinne ambavyo huenda ukakutana navyo: TinyMCE, CKEditor 5, Gutenberg ya WordPress (mfumo wa kuendeshea tovuti), na Quill. Trix, na Markdown (njia ya kupanga maandishi kwa alama kama nyota badala ya vitufe), nitavigusa pale vinapohusika.

Vyote vinne vinatoa ahadi ileile: unachokiona unapoandika ndicho atakachokiona msomaji. Ahadi hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika. Mwaka 2000 Internet Explorer 5.5 ilileta sifa inayoitwa contenteditable. Unakiambia kivinjari kwamba kipande hiki cha ukurasa kinaandikika, na kivinjari kinashughulikia mengine. Vivinjari vingine vikaiga, kila kimoja kwa namna yake. Kwa miaka mingi ukibonyeza Enter, Internet Explorer iliweka aya mpya, Firefox ikaweka tagi ya kukata mstari, na Chrome ikaweka div, tagi ya sanduku la kawaida. Kidole kimoja, kitufe kimoja, matokeo matatu. Vihariri vyote tutakavyovitaja ni majaribio ya kuifunika fujo hiyo ili mwandishi asiione.

TinyMCE ilianza mwaka 2004, na mkakati wake ni kuishi ndani ya HTML yenyewe: unachoandika ni HTML, kinachohifadhiwa ni HTML, na kazi yake ni kuifyeka na kuipanga. WordPress iliitumia kwa miaka mingi, na Joomla, mfumo mwingine wa kuendeshea tovuti, bado inakuja nayo. CKEditor ina umri wa karibu hivyohivyo. Ilizaliwa mwaka 2003 kwa jina la FCKeditor, lakini toleo la 5 liliandikwa upya kuanzia msingi. Lenyewe halihifadhi HTML unapoandika. Lina ramani yake ya ndani, na HTML ni kitu kinachotolewa mwishoni. Quill nayo ina ramani yake, inaitwa Delta, orodha fupi ya maagizo ya aina ya "weka maneno haya, yawe koza". Gutenberg, iliyoingia pamoja na WordPress 5.0 mnamo Desemba 2018, ilikwenda mbali zaidi: kila aya, kila picha na kila kichwa ni bloku inayojitegemea, yenye mipangilio yake.

Tofauti hizo za chini ndizo zinazoamua nini kitatokea juu. Weka akilini maneno mawili tu: TinyMCE inapokea, CKEditor inachuja.

Kupesti

Hapa ndipo vihariri vinapoumbuka, kwa sababu watu wengi hawaandiki makala ndani ya tovuti. Wanaandika Word, au Google Docs, au kwenye barua pepe, kisha wanaleta.

Word inapokopi haichukui maneno tu. Inachukua fonti, ukubwa, nafasi kati ya mistari, na mitindo kibao inayoanza na herufi mso. Ubaya zaidi uko kwenye orodha: katika HTML ya Word, orodha si orodha. Ni aya za kawaida zenye alama ya kitone iliyotiwa mbele na mtindo unaoisogeza ndani. Kihariri kisichojua ujanja huo kitapokea aya tano zenye nukta, na kisoma skrini hakitamwambia mtu asiyeona kwamba hapa kuna orodha ya vitu vitano.

CKEditor 5 inalijua jambo hili bure. Moduli yake ya kupokea maandishi ya Office iko wazi kwa kila mtu, inazitambua zile aya na kuzigeuza orodha halisi, na kwa kuwa inachuja, fonti na rangi zisizo na moduli inayozishughulikia haziingii kabisa. Ukiwa hukuwasha moduli ya rangi, hakuna rangi itakayopita, hata mwandishi apesti kutoka kwenye bango la sherehe.

TinyMCE ilikuwa na kichujio cha Word kwenye toleo la bure, lakini kiliondolewa toleo la 6 lilipotoka mwaka 2022. Sasa usafi kamili wa Word uko kwenye PowerPaste, ambayo ni ya kulipia. Toleo la bure bado linafyeka mitindo mingi, ila zile orodha bandia zinaweza kuingia jinsi zilivyo. Kama waandishi wako wanaishi ndani ya Word na huna bajeti, jambo hili peke yake linatosha kukuelekeza kwingine.

Gutenberg inanifurahisha hapa kuliko popote. Pesti makala nzima, nayo inaikata yenyewe: vichwa vinakuwa bloku za vichwa, orodha inakuwa bloku ya orodha, aya zinajipanga. Quill toleo la 1 lilikuwa dhaifu kwenye eneo hili; toleo la 2, la mwaka 2024, lina vichujio maalumu vya Word na Google Docs, na tofauti inaonekana.

Njia ya mkato ipo kwa wote: Ctrl+Shift+V hupesti maneno matupu. Nimewafundisha watu wengi njia hiyo. Wiki moja baadaye wote wamerudi kwenye Ctrl+V. Usichague kihariri kwa kutegemea kwamba watu watakumbuka.

Kichwa cha kwanza si kichwa cha kwanza

Fungua menyu ya vichwa kwenye TinyMCE. Utaona Kichwa cha 1 hadi Kichwa cha 6, na ukichagua cha kwanza unapata h1, tagi ya kichwa kikuu cha ukurasa; h2, h3 na kuendelea ni vichwa vya chini yake. Kimantiki hakuna kosa. Lakini ukurasa wa tovuti kwa kawaida tayari una h1, nayo ni jina la makala linalowekwa na mfumo wenyewe. Mwandishi anayeona "Kichwa cha 1" anakichukua kwa sababu ni cha kwanza na ni kikubwa. Matokeo yake ukurasa una h1 saba.

CKEditor 5 imelifikiria hili kimyakimya. Katika mipangilio yake ya kawaida, kinachoitwa Kichwa cha 1 hutoa h2, cha 2 hutoa h3, cha 3 hutoa h4, na orodha inaishia hapo. Mwandishi hajui, na hana haja ya kujua. Gutenberg nayo ikiweka kichwa kipya huanzia h2, na ukifungua muhtasari wa makala inaonyesha mpangilio wa vichwa na kukutahadharisha pale uliporuka ngazi, kwa mfano kutoka h2 moja kwa moja hadi h4. Trix, kihariri kidogo cha Basecamp kinachokuja na Ruby on Rails, zana ya kujengea tovuti, kupitia Action Text, kina ngazi moja tu ya kichwa. Watu hulalamika kuhusu hilo. Kwa taarifa fupi na maoni, mimi naona wamefanya vema.

Kwenye TinyMCE unaweza kupunguza menyu hiyo kwa mstari mmoja wa mipangilio, ibaki aya, h2 na h3. Tatizo ni kwamba lazima mtu akumbuke kufanya hivyo, na tovuti nyingi nilizozikuta hakuna aliyekumbuka.

Enter, Shift+Enter na mshale usiotoka

Kaa pembeni ya mtu anayeandika kwa nusu saa, mikono yako ikiwa mapajani. Utaona mambo ambayo hakuna mwongozo utakaokuambia.

Niliwahi kumtazama mmoja akiweka kiungo mwishoni mwa sentensi. Alipoendelea kuandika, maneno mapya nayo yakawa ya buluu na yenye mstari chini. Akafuta. Akaandika tena. Buluu. Akabofya kitufe cha kiungo ili akiondoe, kiungo chote kikaondoka. Jaribio la nne aliandika sentensi yote kwanza, kisha akarudi nyuma kuweka kiungo. Aliniambia bila hata kunitazama, "Huwa nafanya hivi, ndiyo namna yake." Sivyo. Ilikuwa kasoro ya kihariri aliyoigeuza kuwa desturi.

CKEditor 5 inashughulikia ukingo huu kwa uangalifu: ukifika mwisho wa kiungo kwa kitufe cha mshale, bonyezo moja la ziada linakutoa ndani ya kiungo bila kusogea mahali, na rangi ya mandharinyuma inakuonyesha kama bado uko ndani au umeshatoka. TinyMCE ina utaratibu unaofanana. Ni vitu vidogo, lakini anayeandika viungo kumi kwa siku ataviona.

Tatizo la pili ni jedwali au picha ikiwa kitu cha kwanza kabisa kwenye ukurasa. Unataka kuandika aya juu yake, na hakuna pa kuweka mshale. CKEditor huonyesha kitufe kidogo cha kishale kwenye ukingo wa juu na wa chini wa jedwali au picha. Ukikibofya, aya mpya inazaliwa hapo. Gutenberg ina alama ya kujumlisha inayotokea kati ya bloku na bloku. Nimeona watu wakifuta jedwali zima na kulichora upya kwa kukosa kitu kama hicho.

Na sasa suala la bloku zenyewe, maana hapo ndipo watu hugawanyika. Katika Gutenberg, Enter inafungua bloku mpya. Kwa anayeandika makala ndefu za aya tupu, hisia ya mwanzo ni kama kuandika kwenye kadi badala ya karatasi: upauzana (upau wa vitufe) unaelea juu ya aya unayoandika, unaziba mstari wa juu yake, unapotea, unarudi. Kwa muda mrefu hata kuteua kuanzia katikati ya aya moja hadi katikati ya nyingine kulikuwa kunakamata bloku nzima. Hilo lilirekebishwa kwenye WordPress 6.0, mwaka 2022. Kuna chaguo la kuubandika upauzana juu kabisa ya ukurasa, na ningeshauri uliwashe siku ya kwanza kabla mwandishi hajaanza kuchukia. Wapo mamilioni wasiosubiri: waliweka programu-jalizi ya Classic Editor inayorudisha TinyMCE ya zamani, wakaendelea na maisha.

Lakini kwa ukurasa wenye vipande vingi, mathalani picha kushoto na maneno kulia, kisha safu tatu, kisha kitufe, Gutenberg haina mpinzani kati ya hawa wanne. Andika mkwaju "/" na jina la bloku, inatokea. Vuta, sogeza, rudufu. Kufanya hivyo kwenye TinyMCE kunaishia kwenye jedwali lisiloonekana mipaka, ujanja wa miaka ya tisini ambao kwenye simu hubanana vibaya.

Picha

Quill, ukiichukua ilivyo, hugeuza picha kuwa maandishi ya base64 na kuyapachika ndani ya makala. Kwa anayeandika ni raha: picha inatokea papo hapo. Kwa hifadhidata ni msiba. Base64 huongeza ukubwa kwa takriban theluthi moja, kwa hiyo picha ya MB 3 kutoka kwenye simu inakuwa MB 4 za herufi ndani ya safu ya makala. Weka picha tano, na kila anayefungua makala anazibeba zote kwa mkupuo, bila kivinjari kuweza kuzihifadhi pembeni kama mafaili. Mtengenezaji anaweza kubadilisha tabia hiyo kwa kuandika kodi yake. Kama hataandika, usimpe mtu Quill yenye kitufe cha picha.

TinyMCE ikiwa haijaelekezwa pa kupakia, dirisha lake la picha huomba anwani ya picha kwenye intaneti. Mtu wa kawaida hana anwani. Ana faili. Anakodolea macho kile kisanduku, kisha anakupigia simu. Hilo nalo hutatuliwa kwenye mipangilio.

Kuhusu maandishi mbadala, yale yanayosomwa na kisoma skrini badala ya picha, nimejifunza kwamba mahali kisanduku kilipo ni muhimu kuliko mafunzo. TinyMCE inakiweka ndani ya dirisha lilelile la picha, chini ya anwani, na watu wanakijaza kwa sababu kiko mbele yao. CKEditor inaweka kitufe kwenye upau mdogo unaotokea ukiibofya picha. Gutenberg inakiweka kwenye paneli ya pembeni, na kwenye skrini ndogo paneli ile mara nyingi imefungwa; kinasahaulika. Quill haina kisanduku hicho kabisa kwenye kiolesura chake cha kawaida. Kwa taasisi yoyote inayodaiwa tovuti inayofikika na wenye ulemavu, Quill tupu imeshaanguka hapa. W3C, shirika la viwango vya wavuti, ilitoa mwaka 2015 kiwango kinachoitwa ATAG 2.0 kwa ajili ya zana za aina hii hasa: kihariri kitumike na mwandishi mwenye ulemavu, na kimsaidie mwandishi yeyote kutoa kazi inayofikika. Ni vizuri kumuuliza anayekuuzia mfumo kama amewahi kukisikia.

Jedwali

TinyMCE ndiyo mfalme. Kuunganisha seli, kugawanya, kuvuta upana wa safu, sifa za kila seli, vyote vipo. Tatizo la mfalme ni kwamba kila unachovuta kinaandikwa kama upana ndani ya HTML, na jedwali lililopendeza kwenye skrini pana hukaidi kwenye simu. CKEditor inatoa karibu yote hayo kwa mpangilio mzuri zaidi, ikiwa na swichi ya kusema "mstari huu ni kichwa cha jedwali", jambo ambalo wengi hulisahau na visoma skrini hulihitaji. Fahamu kwamba hulifunga jedwali ndani ya tagi ya figure, kwa hiyo CSS ya tovuti (maagizo ya mwonekano) lazima ilijue hilo. Gutenberg inauliza kwanza safu ngapi na mistari mingapi, na haina kitufe cha kuunganisha seli. Quill haina jedwali kwenye upauzana wake wa kawaida. Trix pia haina.

Kinachobaki baada ya kihariri kuondoka

Watu hupuuza sehemu hii hadi siku ya kuhama.

Quill toleo la 1 ukiweka orodha ndani ya orodha, haitengenezi orodha mbili zilizobebana. Inatengeneza moja bapa, na vipengele vya ndani vinapewa jina la ql-indent-1. Ndani ya Quill unaona ngazi mbili. Chukua HTML ile uiweke mahali pasipo na CSS ya Quill, kwenye barua pepe kwa mfano, na ngazi zote zinalala sawasawa. Toleo la 2 lina njia ya kutoa HTML iliyonyooka, lakini mtengenezaji lazima aiite.

CKEditor 5 ina hatari ya upande wa pili. Kwa kuwa inachuja, ukifungua makala ya zamani yenye kitu isichokijua, tuseme video iliyopachikwa kwa iframe au div yenye mapambo, kitu hicho hakiingii kwenye ramani yake. Mwandishi anarekebisha herufi moja, anahifadhi, na video imetoweka. Hakuna onyo. Ipo moduli ya kuiruhusu ipokee HTML ya ziada, na kama una makala za miaka mingi, iwashe kabla ya mtu yeyote kugusa chochote. Waliohama kutoka CKEditor 4, ambayo matunzo yake ya bure yaliisha Juni 2023, wanaujua uchungu huu. Drupal 10, nayo mfumo wa kuendeshea tovuti, ilipotoka Desemba 2022 ikiwa na CKEditor 5 peke yake kwenye msingi wake, kazi kubwa ya wengi ilikuwa kukagua tagi.

Gutenberg huacha alama zake kama maoni yaliyofichwa ndani ya HTML, moja kabla na moja baada ya kila bloku. Msomaji hayaoni. Ila ukiingia kwenye kodi ukabadilisha kitu kwa mkono na muundo usilingane na alama, bloku itakuambia ina maudhui yasiyotarajiwa na kukuomba uiokoe. Ujumbe ule huwatisha watu kuliko tatizo lenyewe.

Machache ya haraka

Kwenye simu, Gutenberg inatumika, na programu ya WordPress ya simu ina kihariri hichohicho cha bloku. TinyMCE huondoa menyu ya juu na kuacha vitufe unavyovisogeza kwa kidole. CKEditor huvikunja vitufe visivyotosha ndani ya nukta tatu. Kwa marekebisho ya dharura vyote vinafaa. Kuandika makala ya maneno elfu mbili kwa kidole gumba ni adhabu kwenye kihariri chochote.

Kwa kibodi, Alt+F10 inakupeleka kwenye upauzana katika TinyMCE, CKEditor na Gutenberg, na Esc inakurudisha. Kwenye Quill, Tab inaingiza nafasi ndani ya maandishi badala ya kukusogeza mbele, na kwa asiyetumia kipanya hilo ni kero ya kila dakika.

Kuhifadhi kwenyewe: WordPress huhifadhi nakala kwa kawaida kila baada ya sekunde 60, na matoleo ya nyuma yanabaki. TinyMCE ina programu-jalizi inayoweka rasimu ndani ya kivinjari kila sekunde 30, lakini rasimu hiyo huishi dakika 20 tu usipobadilisha mipangilio, kwa hiyo umeme ukikatika na kurudi baada ya saa moja usitegemee muujiza. CKEditor na Quill humwachia mtengenezaji.

Tahajia: TinyMCE huzima kikagua tahajia cha kivinjari mpaka umwambie mtengenezaji akiwashe. Mstari mmoja tu. Waandishi wako watadhani hawakosei.

Leseni: CKEditor 5 ni GPL (leseni ya bure inayodai kodi inayosambazwa pamoja nayo iwe wazi) au ya kulipia, na ukiitumia bure inaonyesha nembo yake ndogo. TinyMCE ilikuwa MIT, leseni yenye masharti machache, kwenye toleo la 6, ikahamia GPL kwenye la 7 mwaka 2024. Kama unatengeneza mfumo wa kuuza na kodi yake hutaki kuifungua, mwone mwanasheria kabla hujaisoma kodi. Quill ni BSD, haina masharti ya namna hiyo, na nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa inayoifanya ipendwe na watengenezaji kuliko waandishi.

Nani achukue nini

Taasisi yenye waandishi wengi wanaoleta kazi kutoka Word, wenye ujuzi tofauti, na msimamizi mmoja aliyechoka: CKEditor 5. Uchujaji wake ndio usaidizi. Washa aya, vichwa viwili, koza, mlazo, kiungo, orodha mbili, picha na jedwali, halafu acha. Kila kitufe cha rangi unachoongeza ni simu utakayopigiwa.

Anayejenga kurasa za maonyesho, zenye mpangilio unaobadilika, na anayeweza kutenga wiki mbili za kuizoea: Gutenberg. Usimpe mtu anayeandika habari fupi tano kwa siku bila kumwuliza. Mtengenezee kiolezo kilichofungwa bloku zake ili ajaze tu.

Mwenye makala nyingi za zamani zenye HTML ya kila aina, asiye na nafasi ya kuzisafisha: TinyMCE, kwa sababu inapokea. Muhimu ni kupunguza menyu ya vichwa na kuielekeza pa kupakia picha.

Sanduku la maoni, maelezo ya bidhaa, ujumbe ndani ya programu: Quill au Trix, bila kitufe cha picha.

Na kama waandishi wako ni watu wanaoandika kodi, wape Markdown, aliyoibuni John Gruber mwaka 2004, wataishukuru. Kama si hao, usiwape kwa sababu tu wewe unaipenda. Nimemwona mtu akiandika nyota mbili pande zote za neno kwa miezi mitatu kwenye kihariri ambacho hakikuwa cha Markdown, kwa kuwa kile cha kwanza alichofundishwa kilikuwa hivyo, na hakuna aliyemwambia kwamba wasomaji walikuwa wanaziona nyota zote.